Karakana ya mashua ya ukoo wetu Mikindani: vizazi vinne na tezo moja iliyotuvuruga

Mpwa_wa_Fundi
Wakuu habari za humu. Wiki iliyopita kuna uzi ulipita, jamaa mmoja akaandika kwamba biashara ya familia ya Mswahili haivuki kizazi cha pili, baba anajenga, mtoto anakula, mjukuu anauza kiwanja. Nilitaka kumjibu palepale nikaona mistari miwili haitoshi, sasa leo mvua inanyesha, umeme umekatika, simu ina chaji asilimia 60, ngoja niumwage wote.

Sisi ni mafundi mashua wa Mikindani. Kwa msiopajua, ukitokea Lindi kabla hujaingia Mtwara mjini unaikuta ghuba imetulia kama maji ya kwenye beseni, ndo hapo. Karakana yetu haina kibao wala mlango. Ni banda la makuti, mkwaju mmoja mkubwa, magogo ya kukalia na mchanga ambao ukiuchota nusu yake ni maranda. Hapo wametengenezewa watu mashua, ngalawa, madau, na zamani majahazi ya mizigo, tangu enzi ambazo mama yangu hajazaliwa.

Nikisema vizazi vinne watu wa mikoa mingine huwa wanahesabu baba, babu, babu wa babu. Kwetu haiendi hivo. Fundi wa kwanza hakumfundisha mwanae, alimfundisha mtoto wa dada yake. Huyo naye akamfundisha mtoto wa dada yake, ambaye ndo mjomba wangu mimi. Na mjomba kanifundisha mimi, mtoto wa dada yake. Ndo maana jina langu humu liko hivo. Kusini hapa Wamakonde, Wamwera, Wamakua, Wayao, ukoo unafuata mama, mtoto ni wa upande wa mama yake na mwenye sauti juu yake ni njomba. Kwa hiyo karakana imekuwa inaenda mshazari, haijawahi kushuka moja kwa moja. Siku ilipolazimishwa kushuka moja kwa moja ndo ilitaka kufa. Nitafika huko.

Nahodha wa Bara
Nimevuta mkeka. Ila mkuu weka picha, uzi wa ufundi bila picha ni chai.

KoroshoGhafi
Alichosema cha mjomba ni kweli kabisa, mi wa Newala. Babu yangu mpaka anakufa shamba lake la mikorosho lilikuwa linasemewa na wapwa zake, watoto wake wa kuzaa walikuwa wanakuja kama wageni waalikwa. Sasa hivi imebadilika sana, lakini harusi ikifika bila njomba haiendi.

Mpwa_wa_Fundi
Picha zitakuja umeme ukirudi, siwezi kumaliza chaji kwa picha.

Tuendelee. Fundi wa kwanza simjui hata kwa sura, namjua kwa masimulizi ya bibi. Inasemekana alijifunza kwa mafundi wa Kilwa akarudi na tezo ya kuchongea mbao, keekee ya kutobolea na deni. Deni alilipa, tezo na keekee vikabaki. Enzi hizo Mikindani ndo ulikuwa mji, boma la Mjerumani lipo hapo mpaka leo limegeuzwa hoteli, na majahazi yalikuwa yanaingia na kaskazi na kuondoka na kusi, fundi alikuwa hana muda wa kujikuna.

Halafu ikaja 1947, Mwingereza na mradi wake wa karanga. Mapori ya Nachingwea yaking'olewa kwa matrekta, reli ikajengwa, bandari ya Mtwara ikajengwa ili karanga zipite. Karanga zenyewe zilikuwa kiduchu, 1951 mradi ukafungwa, ila bandari ikabaki, na watu na biashara vikahamia Mtwara. Mikindani ikaanza kusinzia. Hapo fundi wa pili, ambaye ni kaka yake bibi yangu kwa hiyo mi namwita babu, ndo kwanza alikuwa kashika kazi.

Wengine wangehama. Yeye alisema maji ya Mikindani yametulia, mashua inatengenezwa kwenye maji yaliyotulia, mwenye shida atakuja. Na aliokolewa na balaa la wengine maana Aprili 1952 tufani ikapiga Lindi, ile ambayo wazee wa Lindi mpaka leo wanahesabia umri wa watu, kazaliwa kabla ya tufani au baada. Vyombo vilivyovunjika pwani ile vilikuwa vingi sana. Babu akaitwa, akaenda na wapwa wawili akakaa huko miezi na miezi anaunga mataruma, yaani mbavu za mashua za watu, akarudi na hela ya kuezeka nyumba bati. Bati la kwanza kwenye mtaa wetu lililetwa na upepo, bibi alikuwa anapenda kusema hivo.

Reli nayo ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 60 babu akawa ananunua vyuma chakavu vilivyotoka huko, anampelekea mhunzi anafuliwa misumari ya pembe nne. Kwa hiyo karanga hatukuziona lakini reli yake tuliigongomea kwenye mashua.

Nahodha wa Bara
Hapo kwenye misumari ya reli nahisi harufu ya chai kwa mbali 😂 Halafu msumari wa chuma baharini si unaoza?

Mpwa_wa_Fundi
Unaoza ndio. Unauviringishia pamba yenye mafuta shingoni, unauzamisha mpaka kichwa kinaingia ndani ya mbao, ila chumvi itaufuata tu, leo au baada ya miaka minane. Ukiona mashua inalia machozi ya kutu ubavuni ujue inataka kurudi kwa fundi. Na hapo ndo penye biashara mkuu. Mashua mpya unatengeneza moja mbili kwa mwaka, marekebisho ndo yanakulisha kila wiki.

Mnungwi
Huku Nungwi kwetu mambo ni hayohayo. Swali langu, mnatumia mbao gani? Na kalafati, pamba ya kuziba nyufa, mnatia wenyewe au mnaita watu?

Mpwa_wa_Fundi
Shekhe, zamani mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo, na mbao za ubavu ni mninga au mvule, mlingoti mtondoo, mataruma mlilana, aina ya mkoko, kwa sababu una matege ya kuzaliwa nayo, unatafuta mti uliopinda kama ubavu unavyotaka. Sasa hivi mninga bei yake usiniulize, na mikoko ni hifadhi, bila kibali hugusi. Siku hizi mashua nyingi ndogo ni mwembe. Mwembe haukai sana ila unapatikana, mtu anakata wa uani kwake analeta.

Kalafati tunatia wenyewe, na hapo ndo shule yangu ilipoanzia nikiwa darasa la nne. Unachukua pamba unaiviringa pajani mpaka inakuwa kamba nene kama kidole cha mwisho. Unaichovya kwenye sifa, mafuta ya papa, harufu yake ukiipata asubuhi hata chai haipiti. Unaiingiza kwenye ufa wa mbao na mbao, unaisindilia kwa chembeu, unagonga kwa nyundo ya mpingo. Mwanzoni mlio ni mzito, bu, bu, bu, pamba ikishajaa sawasawa mlio unabadilika unakuwa mkavu, ko, ko. Ukisikia ko unasogea. Sasa mjomba alikuwa analala chali kwenye jamvi chini ya mkwaju, kofia usoni, anakoroma kabisa, mi nikiona kalala naruka mahali, nagonga juujuu nasogea. Ananyamaza kukoroma. "Rudi nyuma hapo, umedanganya." Hajafungua hata jicho.

Mpaka leo nikipita mahali watu wanagonga kitu chochote, hata fundi bati, nasikiliza kama kadanganya.

BintiShangani
Kaka hongera kwa uzi. Ila naona mafundi tu, mafundi tu. Kwetu pamba ya kalafati walikuwa wanachambua wanawake, bibi yangu kachambua mpaka vidole vikapinda. Na chombo chenyewe kilikuwa cha bibi, nahodha alikuwa kaka yake kaajiriwa tu. Wanawake wa karakana yenu walikuwa wapi?

Mpwa_wa_Fundi
Dada Shangani umenishika pabaya maana nilikuwa nawaweka mwisho. Ukweli ni kwamba tajiri wa karakana alikuwa bibi. Babu alikuwa fundi, hela hakuwa anazishika. Fikiria, kazi inaenda kwa mtoto wa dada, sasa dada lazima awe na uchungu nayo kuliko hata mke wa fundi, maana ni mali ya wanae. Bibi ndo alikuwa anatanguliza hela ya mbao kutoka kwenye korosho zake, anaweka bei, na ndo anamfuata mdaiwa mpaka mlangoni alfajiri anakaa kibarazani hasemi kitu mpaka majirani waanze kuuliza.

Kusoma hakujua. Kila mteja alikuwa na fundo lake kwenye pindo la kanga kuukuu, ndani punje za mahindi, punje moja awamu moja, ukilipa anatoa punje anawarushia kuku mbele yako. Kuna mwaka panya waliingia kwenye kasha wakala deni la mtu wa Msimbati. Bibi akaapa lilikuwa punje nne, yule mtu akaapa mbili. Wakasuluhishwa kwenye tatu na kila mmoja akaenda kwake anajiona kaibiwa.

Mzee wa Kaskazi
Vijana nawasoma. Mimi nimefanya biashara ya chumvi na samaki wakavu Lindi miaka ya 70. Vyombo vya Mikindani tulikuwa tunavijua kwa omo yake, pua ya mbele, imekaa juu kidogo, inapasua wimbi bila kukulowesha. Endelea mwanangu, hilo la tezo ndilo ninalolisubiri.

Mpwa_wa_Fundi
Shikamoo mzee wangu. Hiyo omo uliyoisema ndo yenyewe, na ndo kisa cha tezo.

Babu alikufa mwanzoni mwa miaka ya 80. Kabla yake, fundi wa kwanza alipokufa hapakuwa na maneno, mpwa alikusanya vyombo vya kazi asubuhi yake akaendelea. Lakini babu alikuwa mtu wa msikiti sana uzeeni, wanae walikuwa wakubwa, wamesoma dini, wakasema mali ya baba igawiwe kisheria. Na kwa sheria ya mirathi mtoto wa dada hana fungu mbele ya watoto wa kiume. Siwalaumu, walikuwa na haki yao. Ila karakana ikagawiwa kama mnavyogawa ng'ombe wa sadaka. Huyu msumeno, huyu keekee, huyu banda, mabinti wakapewa mbao zilizokuwepo. Mkubwa akachukua tezo akaenda nayo Dar, na hakuwa fundi, alikuwa na genge la samaki huko. Mjomba ambaye kafanya kazi na babu miaka kumi na saba akatoka na nyundo ya mpingo kwa sababu siku hiyo alikuwa nayo kiunoni na hakuna aliyeiona.

Mtasema tezo si inauzwa dukani. Ni kweli, na mjomba alinunua wiki hiyohiyo. Shida ni mpini. Babu hakuwa na tepu, hakuwa na mchoro, hakuna aliyewahi kuona karatasi pale bandani. Kipimo cha kila kitu kilikuwa ni mpini wa ile tezo. Taruma hadi taruma nusu mpini, upana wa tumbo mipini kadhaa kwa urefu kadhaa wa mkuku, gubeti ya omo inalala kiasi gani, yote mpini.

Nahodha wa Bara
Hapo nimekukamata. Tangu fundi wa kwanza mpaka miaka ya 80 mpini wa tezo unakaa? Mi nina jembe, kila mwaka nabadilisha mpini.

Mpwa_wa_Fundi
Mkuu umeuliza swali zuri. Mpini ulibadilishwa mara nyingi tu. Ukianza kulia unakatwa fito mpya ya mkole, unaulaza juu ya ule wa zamani, unakata palepale. Kuni ni mpya, urefu ni uleule. Hata chuma kilinolewa mpaka kikabaki kama ulimi. Kilichorithiwa pale ni urefu.

Sasa mjomba alifikiri anaukumbuka kwa mkono. Akakata mpini wake, akatengeneza mashua ya kwanza peke yake. Kwa macho ilikuwa nzuri, watu wakaisukuma majini siku ya bamvua kwa ubani na nyimbo kama kawaida. Ikapewa mzigo, ikainamisha pua. Kakosa kama upana wa kidole, lakini kidole hicho ukikirudia taruma kwa taruma mpaka omo, omo inakuwa nyembamba haina wa kuibeba. Ilikuwa inakunywa maji kila ikikutana na wimbi. Mwenye mashua akairudisha, na bibi akarudisha hela yote, punje kwa punje. Mjomba anasema hiyo miezi alikuwa anapita njia za nyuma asikutane na watu.

Bibi ndo alimwambia, kama mpini umeenda Dar, mashua za kaka yangu hazijaenda Dar. Mjomba akafunga safari mpaka Msangamkuu, enzi hizo unavuka kwa mashua hapo Mtwara, kuna mzee alikuwa na chombo cha babu kimepandishwa pwani kinapakwa shahamu. Alienda na kamba ya mkonge. Mzee mwenye chombo alikuwa anakunywa kahawa, akauliza unafanya nini, akajibiwa naangalia kazi ya mzee. Mjomba akapima taruma hadi taruma, tumbo, omo, tezi ya nyuma, kila kipimo akapiga fundo. Akarudi na kamba yenye mafundo mfukoni akaikata fito mpya ya mkole kwa kuifuata.

Mashua ya pili ilikaa majini vizuri. Na yule mtu wa ile ya kwanza akarudi akaagiza tena, kwa bei ya zamani lakini, bibi hakuwa na la kusema.

Mzee wa Kaskazi
Alaa. Kwa hiyo mteja ndiye aliyekuwa ametunza daftari lenu.

KoroshoGhafi
Mkuu hii ya kamba imenitoa jasho. Na tezo ilirudi?

Mpwa_wa_Fundi
Haikurudi. Yule mzee wa Dar alishafariki, wanae wanasema iliuzwa pamoja na vyuma vya genge. Tunasalimiana vizuri, harusi tunaenda.

Ngoja nimalizie maana chaji imefika 19.

Miaka ya 90 kazi ilikuwepo, barabara ya Dar wakati wa masika ilikuwa inajifunga, Rufiji mnasubiri kivuko, kwa hiyo mzigo unaenda kwa maji. 2003 daraja la Mkapa likafunguliwa, lami nayo ikawa inasogea kidogokidogo, na jahazi la mizigo hakuna aliyeagiza tena. La mwisho mjomba alilitengeneza kabla ya daraja. Nani atalaumu daraja? Hata sisi tunapanda basi. Tukabaki na wavuvi, mashua za futi ishirini na kitu na ngalawa, na msimu wetu ukawa msimu wa korosho. Hela ya korosho ikitoka, mtu anakumbuka mashua. Msimu wa 2018, ule wa korosho kilo moja shilingi 3,300, malipo yalichukua muda kufika na tulikuwa na mikuku miwili imelazwa pale bandani mpaka ikaota uyoga, wenyewe wanakuja kuichungulia tu.

Vijana nao wakapungua. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilipoanza 2015 wanafunzi wetu wawili wakaenda, mshahara wa mwezi unajulikana, pale kwetu unalipwa siku mashua ikishuka majini. Na sasa faiba, mashua za nyuzi za kioo na plastiki. Faiba ni nyepesi, haitaki kalafati, na vikundi vinakopeshwa. Mjomba anaichukia ila mi nilimwambia ukweli kwamba ningekuwa mvuvi ningeichukua. Alininunia siku tatu. Halafu mwaka jana ikaja faiba imepasuka ubavu, mwenyewe hana pa kuipeleka, mjomba akaizunguka kama mara kumi, akaibisha kwa kidole, ko, ko, bu. Akachora mduara kwa mkaa pale penye bu. Tulinunua dawa na kitambaa chake mjini tukaziba. Hajaongea chochote kuhusu faiba tangu siku hiyo.

BintiShangani
Na baada ya mjomba ni wewe au wanae? Maana nyie mna historia.

Mpwa_wa_Fundi
Dada ndo swali la nyumbani kila Idi. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, mkono wake ni mzuri kuliko wangu, hilo nasema hadharani. Mi nashika oda, simu, vibali vya mbao, yaani nimekuwa bibi. Mjomba kaamua akiwa hai, mbele ya shekhe na mbele ya mama yangu, vyombo vyote ni vya karakana havigawiki, binamu anakata na mimi nahesabu. Kaandikisha kwenye karatasi. Karatasi ya kwanza kuingia lile banda.

Ila dada yangu ana kibinti cha miaka tisa kinachoshinda pale, juzi kimeshika nyundo ya mpingo kinagonga pamba. Mjomba kalala kofia usoni. Nilisubiri nisikie, hakusema kitu mpaka kibinti kikamaliza ubao mzima.

Mnungwi
Mashaallah. Mkuu tusaidiane mafundi kwa mafundi, huo mpini ni inchi ngapi?

Mpwa_wa_Fundi
Nimewahi kuupima kwa tepu kwa siri. Leo nimemuuliza mjomba kama naweza kuandika humu, kaniuliza humo ndani kuna watu wangapi, nikamwambia wengi, akasema basi hapana.

Nahodha wa Bara
Yaani uzi mrefu hivi halafu kipimo kinafichwa 😂😂

Mpwa_wa_Fundi
Mashua zetu zimepandishwa pale pwani wazi kabisa mkuu. Njoo na kamba. Chaji 6, picha kesho.